GUNIA LINALINDWA, MCHIMBAJI JE?

Ndugu Wanachama,

Katika matawi yetu huulizwa swali ambalo ni haki kuulizwa: kwa nini chama chetu kijishughulishe na wachimba madini wa Kongo, na hali sisi wenyewe mishahara yetu haitoshi na vibarua wetu wengi hawajaandikwa kazi ya kudumu?

Twajibu hivi. Kwanza, kila mmoja wetu aliye na simu mfukoni huenda anabeba jasho la wachimbaji hao. Pili, Kongo si nchi ya mbali. Tangu mwaka 2022 imo pamoja nasi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wachimbaji wa Masisi na wa Kolwezi husema Kiswahili, ijapokuwa kwa lafudhi yao. Tatu, mizigo ya Kongo hupita mikononi mwa wafanyakazi wa Afrika Mashariki: madereva wa malori, makarani wa forodha, wapakiaji na wapakuaji wa bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Mnyororo unaotoka shimoni mpaka dukani una pete nyingi, na baadhi ya pete hizo ni sisi.

Siku hizi wenye viwanda na serikali za ng'ambo wanasema maneno mazuri juu ya mnyororo huo. Wanasema madini yanunuliwe kwa haki, na kila gunia lijulikane limetoka wapi. Sisi hatuyapingi maneno hayo. Lakini chama cha wafanyakazi kina wajibu wa kuuliza: ni nani anayelindwa? Maoni yetu ni kwamba mpaka leo mpango huu umelinda gunia, na jina la mnunuzi, kuliko ulivyomlinda mtu aliyelijaza. Na hautamlinda mpaka yeye mwenyewe awe na chama chake na sauti yake palepale shimoni. Tafadhali someni sababu zetu, kisha mtuambie kama tumekosea.

SAFARI YA GUNIA

Katika vilima vya Rubaya, Masisi, mkoa wa Kivu ya Kaskazini, watu huchimba koltani. Kazi ni ya mikono: sururu, nyundo, patasi na sepeto. Mmoja huingia katika njia nyembamba chini ya ardhi, wengine hubeba udongo, wengine huuosha kwa maji mpaka mchanga mzito ubaki. Ndani ya mchanga huo mna tantalumu, inayotumika katika vipuri vidogo vya umeme vya simu, kompyuta na ndege. Rubaya peke yake inakadiriwa kutoa kama asilimia 15 ya tantalumu ya dunia.

Mchimbaji humwuzia mchuuzi. Mchuuzi humwuzia mwenye ghala mjini. Mwenye ghala huiuzia kampuni inayopeleka nje. Kutoka hapo gunia hupanda lori, kisha meli, likafika katika kiwanda cha kuyeyusha madini, na kutoka huko likaenda katika kiwanda cha vipuri, na mwisho katika kiwanda cha simu. Katika kila kituo mtu hukata faida yake. Aliye mwanzoni kabisa hupata kidogo kuliko wote, naye ndiye anayeweza kufukiwa.

Kusini, karibu na mji wa Kolwezi, mkoa wa Lualaba, huchimbwa kobalti, ambayo hutumika katika betri za simu na za motokaa za umeme. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo. Sehemu kubwa hutolewa na kampuni zenye mashine, lakini maelfu ya watu huichimba kwa mikono. Katika mtaa wa Kasulo, palepale Kolwezi, tangu mwaka 2014 watu walichimba mpaka chini ya nyumba zao wenyewe.

Tarehe 27 Juni 2019 ukingo wa mgodi mkubwa karibu na Kolwezi ulianguka. Watu wasiopungua 43 walikufa. Walikuwa wameingia kuchimba kwa mikono katika ardhi ya kampuni, kwa hiyo waliitwa wavamizi, na baada ya siku chache askari wakapelekwa kuwafukuza wenzao. Watoto nao wamo. Shirika la UNICEF lilikadiria mwaka 2014 kwamba watoto wapatao 40,000 walifanya kazi katika migodi ya kusini ya Kongo. Ndugu, mtoto hapeleki kapu mgodini kwa sababu anapenda. Hulipeleka kwa sababu mapato ya baba na mama hayatoshi chakula na karo. Ukimfukuza mtoto na kuliacha pato la baba lilivyo, kesho atarudi kwa njia nyingine.

SHERIA ZA WANUNUZI

Mnamo Julai 2010 Rais Barack Obama wa Marekani alitia sahihi sheria kubwa juu ya mabenki, na ndani yake mlikuwa na kifungu cha 1502. Kifungu hicho kilizitaka kampuni zinazouza hisa Marekani zitangaze kama bati, tungsteni, tantalumu au dhahabu wanayotumia imetoka Kongo au nchi zinazopakana nayo, na kama fedha zake ziliwanufaisha wenye bunduki. Mwaka 2011 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, likatoa mwongozo wa hatua 5 kwa wanunuzi: weka utaratibu katika kampuni yako, tafuta hatari zilizoko katika mnyororo wako, chukua hatua juu ya hatari hizo, viwanda vya kuyeyusha vikaguliwe na watu wa nje, kisha utangaze kila mwaka ulichofanya. Umoja wa Ulaya nao ukatunga sheria yake mwaka 2017, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2021.

Tuwe wa haki. Kabla ya hapo mnunuzi alisema, "Mimi nimenunua kwa fulani, yaliyo nyuma yake hayanihusu." Sasa jibu hilo halikubaliki tena, na hilo ni jambo jema. Wachunguzi waliofika baadaye katika mashimo mengi ya bati na koltani waliwakuta askari wachache kuliko zamani.

Lakini tazameni jinsi mzigo wa sheria hizo ulivyoanguka. Septemba 2010 Rais wa Kongo alipiga marufuku uchimbaji wa mikono katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, na marufuku hiyo ilidumu mpaka Machi 2011. Ilipoondolewa, wanunuzi wengi wa ng'ambo walikuwa wamekwisha kuogopa na kukimbia. Kuthibitisha kwamba gunia ni safi kulikuwa na gharama, na kutonunua kabisa kulikuwa rahisi. Wachimbaji walikosa mapato, maduka madogo yakafungwa, karo za shule hazikulipwa. Watu wa Kivu waliiita "sheria ya Obama", na hawakusema hivyo kwa kumsifu. Hakuna aliyewauliza kabla haijatungwa.

LEBO NA MTU

Ili wanunuzi warudi, ulianzishwa mpango wa kufunga lebo yenye namba katika kila gunia karibu na shimo. Namba huandikwa daftarini, na gunia likifika kiwandani huonekana limetoka wapi. Kwa karani ni kazi safi. Lakini lebo huweza kuuzwa, na gunia la shimo lililokatazwa huweza kufungwa lebo ya shimo lililokubaliwa. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilitoa taarifa ndefu kuonyesha kwamba jambo hilo lilikuwa likitendeka, na mwaka huohuo chombo cha wenye viwanda wenyewe kikauondoa mpango huo katika orodha ya mipango kinayoikubali. Na gharama za lebo? Mlolongo ni uleule tunaoujua sisi: kampuni humkata mwenye ghala, mwenye ghala humkata mchuuzi, mchuuzi humkata mchimbaji, na mchimbaji hana wa kumkata.

Kisha mwaka 2024 waasi wa M23 waliiteka Rubaya. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka huo kwamba waasi hao walipata kama dola 800,000 kila mwezi kwa kutoza ushuru juu ya koltani, na kwamba koltani hiyo ilivushwa mpaka Rwanda ikachanganywa na ya huko. Serikali ya Rwanda imekana kuhusika na biashara ya namna hiyo. Bunduki ilipofika, lebo haikuwa na la kusema, na mchimbaji aliendelea kuchimba chini ya bwana mwingine.

Jambo kama hilo limekwisha kuonekana katika almasi. Tangu mwaka 2003 upo mpango wa Kimberley wa kutoa vyeti kwa almasi. Ulianzishwa kuzuia almasi za waasi wanaopigana na serikali. Mwaka 2008 huko Marange, Zimbabwe, askari wa serikali waliwaua wachimbaji. Shirika la Human Rights Watch lilisema waliouawa walizidi 200. Lakini waliopiga risasi hawakuwa waasi, kwa hiyo kwa maneno ya mpango huo almasi zile hazikuwa almasi za vita. Cheti kilitazama jiwe, hakikumtazama marehemu.

Sasa someni orodha ya mambo ambayo mwongozo wa OECD wa mwaka 2011 unamtaka mnunuzi ayaepuke: mateso, kazi ya kulazimishwa, kazi mbaya kabisa za watoto, makosa ya vita, kuwasaidia wenye silaha, hongo, fedha chafu, kukwepa kodi. Yote ni maovu, na yote yafaa kukatazwa. Lakini katika orodha hiyo hamna mshahara. Hamna bei ya haki. Hamna uhuru wa kuunda chama. Mtu aweza kuchimba kutwa nzima katika shimo bovu, akalipwa kisichotosha chakula cha jioni, na gunia lake likapita bila doa.

Sheria ya Umoja wa Ulaya juu ya betri, ya mwaka 2023, ilitaja afya ya wafanyakazi na uhuru wa vyama vya wafanyakazi. Hilo tulilipokea kwa furaha. Lakini mwaka 2025 wakubwa wa huko wakaahirisha sehemu hiyo mpaka Agosti 2027, wakisema kampuni zinahitaji muda. Aliye chini ya ardhi hakuulizwa kama yeye anao muda.

MAHAKAMA ILISEMA NINI

Wapo wanaosema mchimbaji aliyedhulumiwa aende mahakamani. Haya, familia za Kongo zilikwenda. Desemba 2019 walifungua kesi Washington juu ya kampuni 5 kubwa za Marekani za simu, kompyuta na magari. Walikuwa watoto walioumizwa migodini, na wazazi wa waliofia humo. Machi 2024 mahakama ya rufani iliwakatalia. Ilisema kwamba kununua kobalti kupitia mnyororo wa dunia nzima hakutoshi kuitwa kushirikiana na mtenda kosa.

Pimeni maneno hayo, ndugu. Katika matangazo yao kampuni husema, "Tunausimamia mnyororo wetu." Mbele ya jaji mnyororo huohuo unakuwa mrefu mno hata hauwezi kuwafunga. Haki inayotegemea hiari ya mnunuzi ni sadaka, na sadaka huweza kukatwa siku yoyote.

MIZANI YA MNUNUZI

Sasa tuje katika jambo ambalo wachimbaji wenyewe hulilalamikia kila siku. Ni mizani.

Mchimbaji wa kobalti akifika sokoni na magunia yake, mnunuzi ndiye anayepima uzito, kwa mizani yake. Mnunuzi ndiye anayepima ubora wa jiwe, kwa chombo chake. Mnunuzi ndiye anayetaja bei. Shirika la Amnesty International liliandika mwaka 2016 kwamba wachimbaji hawakuwa na njia yao ya kuhakikisha vipimo hivyo. Wakiambiwa jiwe lina kidogo, basi lina kidogo. Ukikataa, utalibeba gunia kurudi nalo wapi?

Wakulima wetu wa chai na kahawa wanajua maana ya mizani ya mtu mwingine, na wavuna kwa kilo wanajua zaidi. Mkaguzi wa ng'ambo hawezi kulimaliza jambo hili. Yeye huja kwa ndege, hukaa siku chache, huonyeshwa shimo lililofagiliwa, huzungumza na watu waliochaguliwa na msimamizi, kisha huandika taarifa kwa lugha ambayo mchimbaji haisomi. Atakayelimaliza ni mjumbe wa wachimbaji anayesimama kando ya mizani kila siku na kuisoma, ambaye hawezi kufukuzwa kwa sababu ya kuisoma.

KAZI YA CHAMA INAJULIKANA

Hatusemi hayo kwa kukisia. Historia ya migodi ya Afrika imekwisha kuyathibitisha.

Desemba 1941 wafanyakazi wa migodi ya shaba huko Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, waligoma. Bei zilikuwa zimepanda kwa ajili ya vita nao wakataka nyongeza. Walikusanyika katika uwanja wa mpira, askari wakawapiga risasi. Makumi walikufa, miongoni mwao kiongozi wao Léonard Mpoyi. Hawakuruhusiwa kuwa na chama, kwa hiyo hapakuwa na meza ya kuzungumzia. Shaba iliendelea kununuliwa kama kawaida.

Ng'ambo ya mpaka, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wachimba shaba waligoma mwaka 1935, na huko Luanshya watu 6 waliuawa. Lakini mwaka 1949 wakaunda chama chao. Mwaka 1952 wakagoma tena wiki 3, safari hii wakiwa chini ya chama, kwa nidhamu, na mwaka 1953 msuluhishi akawapa nyongeza. Shaba ilikuwa ileile. Mabwana walikuwa walewale. Kilichobadilika ni kwamba wafanyakazi walikuwa na chama.

Nasi Mombasa tulipita njia hiyo. Januari 1947 wafanyakazi wa mji mzima walisimamisha kazi. Mwaka huohuo kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa, akapelekwa kufungiwa Baringo, naye alikaa huko miaka 10. Serikali ya wakoloni ilijua vizuri ni nini kinachobadilisha maisha ya mfanyakazi, ndiyo maana ilimwondoa msemaji kwanza.

Dunia yenyewe imekubali haki hizi kwa maandishi. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 87 juu ya uhuru wa vyama mwaka 1948, na namba 98 juu ya mapatano ya pamoja mwaka 1949. Mwaka 1995 likapitisha mkataba namba 176 juu ya usalama migodini, unaosema kwamba mchimbaji ana haki ya kuondoka mahali penye hatari kubwa, na wachimbaji wana haki ya kuchagua wajumbe wao wa usalama. Mwaka 2022 usalama na afya kazini vikaingizwa katika haki za msingi za mfanyakazi. Kwa hiyo hatudai jambo jipya. Twadai kwamba yaliyoandikwa Geneva yasomwe Kolwezi.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wa kwanza husema: "Wachimbaji wa mikono hawana mwajiri. Chama kitazungumza na nani?" Twajibu: kitazungumza na yule mwenye mizani. Huko India akina mama wachuuzi na mafundi wa nyumbani, wasio na mwajiri, waliandikisha chama chao cha SEWA mwaka 1972, na chama hicho kipo mpaka leo. Sheria ya madini ya Kongo ya mwaka 2018 inamtaka mchimbaji wa mikono awe katika ushirika. Vizuri, lakini vyama vingi vya ushirika vimo mikononi mwa wakubwa na wafanya biashara ambao hawajapata kushika sururu. Ushirika ambao mwanachama hachagui viongozi wake wala haoni hesabu ni bwana mwingine tu.

Na hata mahali penye mwajiri, mambo ni yaleyale. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2021 katika migodi 5 mikubwa ya kobalti ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliajiriwa kupitia makontrakta, kwa mishahara midogo na bila kinga. Mwenye mgodi husema, "Huyo si mtu wangu." Ni nani kati yetu asiyeyajua maneno hayo? Kibarua wa Kenya husikia hivyohivyo kila anapodai likizo au malipo ya kuumia.

Wa pili husema: "Basi tususie madini ya Kongo kabisa." Hapana. Miaka ya 2010 na 2011 imetuonyesha ni nani anayelala njaa wanunuzi wanapokimbia. Twataka wanunue, tena wabaki, lakini wanunue kwa masharti ambayo mchimbaji ametia neno lake.

Wa tatu husema: "Tazameni kwanza nyumbani." Huyu amesema kweli, nasi twatazama. Migori na Kakamega wananchi wetu huchimba dhahabu kwa mikono. Wanawake huponda mawe, vumbi likaingia kifuani. Zebaki hushikwa kwa mikono mitupu na kuchomwa moto karibu na watoto, na mvuke wake huharibu ubongo na figo. Huko Hillo, karibu na Moyale, Serikali iliyafunga machimbo Machi 2024 baada ya mapigano. Mei mwaka huohuo shimo likaporomoka, na watu 5 wakafa. Kufunga hakukuondoa shida iliyowapeleka watu shimoni. Sheria yetu ya madini ya mwaka 2016 inamruhusu mchimbaji mdogo kupata kibali. Lakini kibali bila mjumbe wa usalama na bila mizani ya haki ni karatasi. Tunalolidai Kolwezi twalidai Migori pia.

TUNAYOTAKA

Kwa hiyo maoni ya chama chetu ni haya:

1. Kampuni inayosema inanunua kwa haki iandike katika mkataba wake wa kununua kwamba wachimbaji wana uhuru wa kuunda chama chao, na kwamba muuzaji akimfukuza au akimtisha mjumbe wao, biashara itasimama mpaka arudishwe.

2. Kila kituo cha kununulia kiwe na mizani na chombo cha kupima ubora ambavyo mjumbe wa wachimbaji ana haki ya kuvikagua, na bei ya siku ibandikwe ukutani kwa Kiswahili.

3. Mkaguzi azungumze na wachimbaji bila msimamizi kuwepo, na taarifa yake isomwe kwa Kiswahili mbele yao kabla haijapelekwa ng'ambo.

4. Gharama za lebo na ukaguzi zilipwe na wanunuzi wakubwa, zisikatwe katika bei ya mchimbaji.

5. Uwepo mfuko wa fidia, unaolipwa na wote wanaofaidika katika mnyororo, kwa walioumia na kwa wajane na yatima wa waliofukiwa, awe ni mwajiriwa, kibarua wa kontrakta au mchimbaji wa mikono.

6. Serikali yetu, ambayo ni mmoja wa wanachama wa Mkutano wa Kimataifa wa Nchi za Maziwa Makuu, idai kwamba cheti cha madini cha nchi hizo kisitazame wenye bunduki peke yao, bali kitazame pia mshahara, usalama na uhuru wa chama.

Na sisi wenyewe je? Tusidai kwa wengine tu. Mwanachama wetu aliye dereva, karani wa forodha au mfanyakazi wa bandari huyaona mengi: karatasi zisizolingana na mzigo, gunia lisilo na lebo, au lebo zilizojaa katika bahasha zisizo na gunia. Asijitie hatarini peke yake. Alete habari kwa mjumbe wa tawi, naye mjumbe azipeleke kwa Katibu, na chama kiseme kwa jina la wote. Mtu akisema peke yake atafukuzwa. Wakisema wote, watasikilizwa.

Tena twaomba kila tawi ambalo lina wanachama wanaovuka mpaka kwenda Goma, Bukavu au Lubumbashi litafute wafanyakazi wenzao wa huko, walio katika vyama na wasio katika vyama, wazungumze. Lugha tunayo moja. Waambieni jinsi tunavyomchagua mjumbe wa kiwandani, jinsi tunavyotunza daftari la ada, jinsi tunavyoandika madai. Hayo ni mambo madogo kwetu kwa sababu waliotutangulia waliyalipia.

Jambo hili litawekwa mbele ya mikutano ya matawi. Lijadiliwe, na wanaolipinga nao wasikilizwe. Katibu wa kila tawi aandike maoni ya wanachama wake na kuyaleta ofisini kabla Halmashauri haijakutana, ili madai yetu yapelekwe kwa Serikali na kwa waajiri yakiwa ni madai ya wanachama wote.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenu katika kazi,
Halmashauri ya Chama